Mstari wa Tatu

Siku tuliyomzika Mama Béatrice, mtoto wake wa kwanza alianza kuimba, nami nikamfunika. Sitafuti maneno matamu ya kulisema hilo. Niliinua mkono wa kushoto, kwaya yangu ya watu ishirini na sita ikaelewa, wakaingia kwa nguvu, na sauti ya yule bwana ikamezwa palepale kaburini. Ndiyo kazi yangu. Nimeongoza kwaya ya kanisa letu hapa Bwiza miaka ishirini na miwili, na mtu akitoka nje ya sauti mbele ya watu, ninamfunika. Afadhali afunikwe kuliko achekwe.

Naitwa Adélaïde. Mchana ni karani katika ofisi moja ya serikali, napiga mihuri. Jioni na Jumamosi ndipo ninapofanya kazi yenyewe. Wenzangu wanasema masikio yangu ni ugonjwa, na sibishani nao. Muuza maandazi akipita barabarani akiita wateja, mimi nasikia kwamba leo ameanza chini kuliko jana. Harusini sili vizuri. Mpiga kinanda akikosea noti moja, wali unanikwama kooni. Ndivyo nilivyoumbwa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Wiki mbili baada ya mazishi, yule niliyemfunika alikuja kanisani wakati napanga vitabu vya nyimbo. Jina lake Namegabe, fundi wa jenereta kule Buyenzi, Mkongomani aliyeletwa hapa mdogo na mama yake pamoja na wadogo zake. Alisimama mlangoni na ovaroli lake la mafuta, akakataa kiti.

"Mwalimu, ni we ulinifunika."

"Ni mimi."

"Basi ni we utanifundisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba katika ukoo wao, siku ya kuondoa matanga, mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye anayefungua wimbo aliokuwa akiupenda marehemu. Anaufungua peke yake, ubeti mzima, bila mdomo wa mtu mwingine. Ubeti wa pili ndipo ukoo unaingia, wa tatu ndipo wageni. Baba yake alimfanyia hivyo babu yake. Mtoto wa kwanza asipofungua, wanasema marehemu ameondoka bila kusindikizwa.

"Sasa mujomba Birindwa amesema kwaya ndiyo itafungua," alisema. "Amesema aibu ya makaburini inatosha. Nimemwambia anipe hii miezi ine imebaki, aone. Mwalimu, mi sijazoea kuomba mutu kitu. Nakuomba."

Nilimwambia kweli bila kuzungusha: kuna watu Mungu aliwapa masikio, na kuna watu aliwapa mikono. Akatazama mikono yake, nyeusi kwa grisi.

"Jaribu kwanza," akasema. "Utakataa kisha."

Jumamosi ya kwanza nilimpigia noti moja kwenye kinanda, akatoa nyingine. Nikampa ya pili, akatoa ya jirani wa mbali. Sisi hapa mtu wa namna hiyo tunasema anaimba fo, na huyu alikuwa fo kuanzia juu hadi chini. Nikafunika kinanda.

"Nimekosa wapi?" akauliza.

"Kote."

"Lakini juu ao chini?"

Hapo nikamtazama vizuri. Waimbaji wabaya hawaulizi juu au chini. Wanataka uwaambie tu kwamba wanajitahidi, wakirudi nyumbani wamwambie mke. Nikafunua kinanda tena. Hata hivyo Jumamosi tatu zilipita, na haki ya Mungu, hakusogea hata kidogo. Nilianza kutafuta namna ya kumwambia basi.

Kilichotuokoa ni jenereta ya kanisa. Ilizimika Jumatano katikati ya mazoezi, na kesho yake nilitoka ofisini mapema nikaipeleka Buyenzi, karakanani kwake. Ua mzima ulikuwa vyuma na mafuta na wanaume wanaopigiana kelele. Namegabe aliichokoa jenereta yetu, ikawaka. Kisha akawasha na nyingine pembeni yake, ambayo alijua inakwenda kwa mwendo unaotakiwa, akainamisha kichwa katikati ya hizo mbili na bisibisi mkononi.

Zilikuwa zinakaribiana lakini hazijafikiana. Ukisimama hapo ulisikia ngurumo inayumba: wo, wo, wo. Akazungusha skrubu kidogo. Kuyumba kukapungua: wooo, wooo. Akazungusha tena, unywele mmoja tu, na kuyumba kukaisha kabisa. Zikanguruma kama jenereta moja.

"Sasa ziko pamoja," akasema, akifuta mikono.

Hakuna kipimo alichotumia. Nilisimama pale na mkoba wangu wa ofisini kama mjinga. Kumbe masikio anayo! Anayo kuliko nusu ya kwaya yangu, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kooni pia kuna skrubu.

Jumamosi iliyofuata sikugusa kinanda. Nilimwambia aimbe noti yoyote anayotaka yeye, aishikilie. Akaishikilia. Mimi nikaingia pembeni yake, chini kidogo tu ya pale alipokuwa. Akainamisha kichwa vilevile kama kule karakanani.

"Inayumba," akasema.

"Basi itulize."

Tukaanza tena. Nilisikia sauti yake ikitafuta, ikishuka kidogo, ikipita, ikirudi. Kuyumba kukapungua. Kisha kukaisha. Tulikuwa watu wawili ndani ya noti moja, mimi karani na yeye fundi. Akanyamaza ghafla, akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine aliyeimba. Mimi si mtu wa kusifu. Nilimwambia, "Tena."

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Tulikuwa na ishara zetu: kiganja juu maana yake panda, kidole chini maana yake shuka. Mwezi Mei ulipoanza, hata ishara alikuwa hazihitaji sana. Akawa msumbufu. Alikuwa anakaa benchi la nyuma wakati wa mazoezi ya kwaya, na mwisho ananifuata: "Mwalimu, yule mama wa kitambaa cha njano, wa sauti ya pili, anashuka kila mwisho wa mustari." Na ni kweli anashuka, miaka tisa sasa. Siku moja alimwambia mpiga kinanda wetu Rénovat kwamba kinanda chake na gita haviko pamoja. Rénovat hakumsalimia wiki nzima. Mimi nilifurahi mpaka nikajionea haya. Nilikuwa najivunia yule bwana, nakiri.

Ukabaki wimbo wenyewe.

Wimbo wa Mama Béatrice umo kitabuni mwetu, kila mtu anaujua, una beti tano. Mstari wa kwanza Namegabe aliupita vizuri, wa pili vizuri. Katika mstari wa tatu sauti inapanda mpaka kwenye neno "nyumbani", na hapo alikuwa hafiki. Anasimama nusu hatua chini. Nikarekebisha, akarudia, akasimama palepale.

Jambo hilo lilinikera kwa sababu halikuwa na akili. Mtu asiye na sikio hukosea leo hivi, kesho vile. Huyu alikosea kwa kipimo, mahali pamoja, kiasi kilekile, kila mara. Nikaondoa maneno, nikamwambia aimbe la-la-la. Akapanda bila shida. Nikarudisha maneno, akasimama chini. Jumamosi tatu nzima, neno moja!

"Ni nani alikufundisha huu wimbo?" nikamuuliza kwa hasira.

"Nani tena? Mama. Akifua, akipika. Sisi wote tulijulia kwake."

Nilisikia jibu, lakini sikulisikiliza. Katikati ya Juni akapanda. Safi, juu kabisa, bila ishara. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka vitabu vikaruka.

Furaha ilimfanya atoe simu mfukoni. Akasema ana sauti ya mama yake, ambayo mama alimtumia binti yake Patricia kule Uvira miezi miwili kabla ya kufa, naye Patricia akamrushia yeye. Hajaisikiliza tangu mazishi. Alikuwa anaiweka mpaka siku atakapoweza kuimba kama yeye.

"Leo nimeweza," akasema. "Sikiliza mwenyewe, Mwalimu." Akaiweka simu juu ya kinanda.

Nyuma kulikuwa na maji yanamiminwa kwenye beseni. Kisha sauti ya mwanamke mzee, taratibu, anayejiimbia tu huku mikono ina kazi. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Wa tatu ukapanda, na pale kwenye "nyumbani" Mama Béatrice akasimama nusu hatua chini, ametulia, hana wasiwasi, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Ile sauti niliitambua kabla hata hajafika hapo. Miaka kumi na mmoja nyuma alinisubiri mlangoni baada ya ibada, amefunga kitenge kipya, akaniomba aingie kwenye kwaya. Nilimpima na wimbo mmoja, nikamwambia nafasi zimejaa. Hazikuwa zimejaa. Tangu nianze kuongoza kwaya sijawahi kuwa na watu wa kutosha.

Namegabe hakunitazama. Aliirudisha sauti mwanzo, akasikiliza tena, kichwa kimeinama. Akairudisha mara ya tatu.

"Anashuka," akasema mwisho. "Mama anaimba fo."

Akaizima ile sauti.

"Miaka yote hii mi nilikuwa nasikia muzuri tu. Kila asubui. Nilikuwa naamka na hii sauti, nasikia muzuri tu. Sasa nasikia kosa." Akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Umenitengenezea masikio, Mwalimu, ukaniaribia mama."

Hapo mtu mwenye busara angefunga mdomo. Mimi nikaona kama nimekamatwa, nikasema yote: kitenge, mlango, mtihani, nafasi zimejaa. Nilimwambia nilimkataa kwa sababu ya kosa kama hilohilo.

Akachukua simu yake, akaifuta kwa mkono wa ovaroli, ingawa haikuwa na kitu.

"Alituambia ni yeye alikataa," akasema. "Alisema mumemuomba, lakini magoti yanamuuma kusimama sana."

Akatoka. Yooo! Nilibaki na kile kinanda mbele yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani masikio ya mtu wa kawaida.

Jumamosi mbili hakuja. Katikati yake akaja Mzee Birindwa, mdogo wake Mama Béatrice, ndani ya koti lake la ibada, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama Adélaïde, kwaya ndiyo itafungua," akaniambia. "Mutoto mwenyewe amesema haimbi tena. Nimemuuliza sababu, anasema apana, muache tu."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Yule bwana alikuja kwangu ili amsindikize mama yake, na mimi nimemwachisha kuimba, tena vizuri zaidi kuliko nilivyomwachisha siku ile makaburini. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu apite njia ya nyuma ya soko ili asikutane na watu.

Siku ya kuondoa matanga walifunga turubai uani kwao, avenyu ya pili kutoka kanisani. Viti vya plastiki, kreti za fanta na bia kivulini, akina mama wa ukoo wamekaa pamoja kwa vitenge vya sare. Patricia alikuwa amefika kutoka Uvira asubuhi. Namegabe alikaa kati ya wadogo zake, suti nyeusi, mikono imesuguliwa mpaka imepauka. Alinisalimia kama mnavyomsalimia mgeni wa heshima, bila kunitazama machoni.

Mchungaji akamaliza maombi. Mzee Birindwa akanifanyia ishara kwa kidevu. Nikasimama mbele ya kwaya yangu, nikawapa noti ya kuanzia kwa kuivumisha mdomoni, nikainua mikono.

Namegabe akasimama.

Aliichukua ile noti niliyoitoa, akaingia nayo kabla sijashusha mikono. Aliingia katikati kabisa. Kwaya wakafunga midomo wenyewe. Watu wakageuka kwenye viti, kwa sababu walikuwepo makaburini na walikuwa wanakumbuka. Mstari wa kwanza ukatoka safi. Wa pili ukatoka safi. Mzee Birindwa alishika goti lake kwa mikono miwili. Sitaficha nilichokuwa nikikitaka: nilitaka apande. Nilitaka ua mzima usikie kazi yangu.

Akapanda, akasimama nusu hatua chini.

Hakuteleza. Kuteleza nakujua, ndicho chakula changu cha kila siku. Sauti inayoteleza inatetemeka, inatafuta pa kushika. Hii ilifika ikasimama wima palepale alipokuwa akisimama mama yake, si juu yake hata unywele, si chini yake. Ili uimbe fo namna ile lazima uijue noti ya kweli iko wapi, kisha uiache.

Akamaliza ubeti. Wa pili, ukoo ukaingia: Patricia, wadogo zake, shangazi, wajukuu, hata Mzee Birindwa mwenyewe na sauti yake ya kukwaruza. Wakafika mstari wa tatu, na wote, jamani, wote, wakasimama nusu hatua chini. Pamoja. Hapakuwa na kuyumba hata kidogo. Watu kumi na saba wamefundishwa na mwanamke mmoja kwenye beseni la nguo, na kwao huo ndio ulikuwa wimbo.

Ubeti wa tatu ni wa wageni. Kwaya yangu ikaingia, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba itaingia. Kwenye "nyumbani" sauti zangu za kwanza zikapanda juu pale kitabu kinapotaka, na hewa yote chini ya turubai ikaanza kuyumba na kukwaruzana. Nilimwona Patricia akishtuka. Akatazama kulia na kushoto, akaona aibu, akaanza kuipandisha sauti yake ili awafuate kwaya. Nikawageukia watu wangu, nikafunga ngumi.

Ngumi maana yake nyamaza. Katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kuifunga katikati ya wimbo. Walinyamaza wote ishirini na sita, wengine midomo wazi. Ukoo ukamaliza ubeti peke yao, na Patricia akarudi mahali pake.

Ubeti wa nne nikaimba. Huwa siimbi ninapoongoza, lakini nilitaka kuingia nao mle ndani, mahali pa yule mama niliyemwambia pamejaa. Nikageuka nikawaelekea, nikaimba mstari wa kwanza, nikaimba wa pili. Wa tatu koo langu likapanda lenyewe mpaka juu, kwenye noti ya kitabu. Nina miaka hamsini na minne na halijui njia nyingine. Nikasikia sauti yangu iko peke yake, inayumba juu ya zao. Katika ua mzima, mwenye kuimba fo nilikuwa mimi.

Nikajua anasikia. Angeacha kusikia vipi, na masikio yale ni mimi niliyeyachonga?

Namegabe aligeuza kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, huku anaimba. Hakutabasamu. Aliinua mkono wake uliosuguliwa mpaka usawa wa kifua, akanyoosha kidole, akakielekeza chini.

Ulikuwa umebaki ubeti mmoja. Mstari wa tatu ulipofika, nikashuka.